Publisher inaisha 2026, Scribus bado inaendelezwa ama ilishaachwa?

fundi_wa_kadi, Nakuru
Habari zenu wadau. Niko na duka dogo la kuprinti hapa Nakuru, kazi kubwa ni programu za mazishi na kadi za harusi, zote nimekuwa nikizipanga kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, miaka nenda miaka rudi. Sasa Microsoft wametangaza Oktoba 2026 ndio mwisho, na sisi tunaolipia Microsoft 365 hata kufungua faili zetu ndani ya Publisher hatutaweza tena. Kijana mmoja kaniambia nijaribu Scribus, ni ya bure, lakini nikisoma huku na kule naona watu wanaongelea toleo la 1.4 la 2012. Kuna mtu bado anaishughulikia? Sitaki kuhamisha kazi yote halafu niachwe kwa mataa.

omosh_kondele
Haijaachwa ndugu yangu, mwendo ndio wa pole. Franz Schmid aliianzisha 2001 na mpaka leo wanaoiandika ni watu wa kujitolea, ndio maana kutoka 1.4.0 ya Januari 2012 tulingoja hadi tarehe 1 Januari 2024 kupata 1.6.0. Hapo katikati ilikuwa 1.5, ya majaribio, na wengi tuliifanyia kazi tu kwa sababu tulichoka kungoja. Angalia namba ya katikati, ikigawanyika kwa mbili hiyo ni thabiti, isipogawanyika ni ya majaribio. Kwa hivyo weka 1.6, na 1.7 usiiguse na kazi ya mteja kabisa, faili ukiiseva huko usitarajie 1.6 iifungue. Kwa rangi utafurahi, CMYK (zile rangi nne za mashine za kuprinti) iko na PDF/X (PDF ya kupeleka kwa wachapishaji) iko, watu wa ofseti hawatakurudishia faili.

mama_kadi_kakamega
Niongeze moja, hii ilinipata mimi. Nilibeba faili ya .sla (faili ya Scribus yenyewe) peke yake kwa flashi nikaenda nayo duka lenye mashine kubwa, tukaifungua mwenye msiba akiwa amesimama hapo nyuma yangu, na mahali pa picha ya marehemu pana boksi tupu na alama nyekundu ya X. Mazishi ni kesho yake asubuhi. Nilirudi na boda mbio kuchukua picha. Scribus haimezi picha, inakumbuka tu ilikokaa, kwa hivyo nenda File, halafu Collect for Output, itakukusanyia faili na picha kwa folda moja, na hapo weka tiki ya fonti pia. Au beba PDF. Na kurasa za kijitabu haikupangii yenyewe, toa PDF ndio uchague booklet wakati wa kuprinti.

fundi_wa_kadi, Nakuru
Asante sana mama, pole kwa hayo. Na zile faili zangu za Publisher za zamani, za .pub, je?

omosh_kondele
1.6 inaziingiza, LibreOffice Draw pia inazifungua, lakini maandishi huhama na fonti hubadilika, utapanga upya tu. Anza na templeti zile unazotumia kila wiki. Zilizobaki zitoe PDF zote sasa hivi, Publisher ikiwa bado inafunguka.