Acheni kubadilishia watu vioo! Mwanga kugoma kushuka kwenye Linux si ugonjwa wa kioo

Wakuu, salamu zenu, ila leo sijaja kwa amani.

Miezi minne nimefanya kazi usiku nikiwa nimefunika mpakato wangu kwa khanga. Mimi ni mwalimu, naishi chumba kimoja na mwanangu wa miezi tisa, na maandalio ya masomo nayaandika akishalala. Tangu niweke Linux Mint 21, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye mashine hii ya mtumba, taa ya kioo inawaka mwisho wa uwezo wake muda wote. Nabonyeza Fn na kitufe chenye alama ya jua, kipimo kinatokea kwenye skrini, kinashuka kutoka mia hadi kumi, mwanga uko palepale. Mtoto anaamka. Macho yanauma. Betri iliyokuwa inanipa saa tatu, sasa mbili hazifiki.

Nikaipeleka kwa fundi. Hakukaa nayo hata dakika tano, akasema kioo kimechoka, kibadilishwe. Shilingi 145,000, nikalipa kwa hela ya mchezo niliyokuwa nimeisubiri tangu Februari. Nafika nyumbani, kioo kipya, mwanga uleule! Nampigia simu, ananijibu, "Basi hiyo ni Linux dada, rudisha Windows."

Nikaja kuuliza humu jukwaani, nifanye nini mwanga ushuke. Majibu yenu ndiyo yamenifanya nifungue uzi huu.

Wanne mliniambia niandike xrandr --output eDP-1 --brightness 0.4. Nawauliza, mliwahi kuijaribu gizani? Amri ile haiigusi taa kabisa. Inazitia rangi za picha giza, huku taa iliyo nyuma ya kioo inawaka kama kawaida. Zima taa ya chumba, fungua picha nyeusi tupu, utaona kioo kizima kinang'aa kijivu. Na betri inaliwa vilevile. Mtu ana shida ya taa, ninyi mnampa pazia.

Mwingine akanipa sudo echo 400 > /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness. Ikakataa, nikaambiwa nimekosea nywila. Sikukosea! Ile sudo (neno la kuomba mamlaka ya msimamizi) inampa mamlaka hayo echo peke yake. Anayefungua faili ili kuandika ni sheli yako ya kawaida (programu inayopokea amri unazoandika), na yeye hana ruhusa hiyo. Aliyewahi kuiendesha amri hii kwa mkono wake angelijua hilo. Inayofanya kazi ni hii: echo 400 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba lilikuwepo swali moja ambalo lingenitoa huku kote, na si fundi wala ninyi mliyeniuliza. Ndani ya /sys/class/backlight, folda ambamo mfumo unaorodhesha njia za kurekebisha taa ya kioo, kuna nini?

Nilipoangalia mwenyewe, vilikuwemo viwili: acpi_video0 na intel_backlight. Cha kwanza kinapitia BIOS, programu ya mtengenezaji iliyo ndani ya mashine yenyewe. Cha pili kinaongea moja kwa moja na chipu ya picha. Vikiwepo vyote, programu inayosikiliza vitufe inapendelea cha BIOS. Kwangu njia ya BIOS ilikuwa imekufa: inapokea namba, inaitunza, haifanyi lolote. Ndiyo maana kipimo kilikuwa kinashuka peke yake. Nikaandika 3 kwenye acpi_video0, kimya. Nikaandika 900 kwenye intel_backlight, ambako max_brightness ni 4882, na chumba kikapoa papo hapo. Nililia, sioni aibu kusema. (Msiandike 0. Mashine nyingine huzima taa kabisa ukabaki unapapasa gizani.)

Dawa ya kudumu ni neno moja. Fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza acpi_backlight=native ndani ya alama za kunukuu, hifadhi, kisha sudo update-grub, washa upya. Unayeogopa, mashine inapowaka fika kwenye menyu ya GRUB, bonyeza e, ongeza neno hilo mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, halafu F10. Hapo unajaribu mara moja tu, hakuna kinachobaki. Kwangu acpi_video0 imetoweka na vitufe vinatii. Zipo mashine zinazotaka video au vendor badala ya native, hasa za zamani, na wenye chipu ya picha ya AMD mtaona amdgpu_bl0 au jina linalofanana nalo. Ndiyo maana nasema ulizeni kwanza!

Na watengenezaji wa mashine wasijifiche nyuma ya fundi wangu. BIOS inauliza mfumo kama ni Windows, na Linux inalazimika kuitikia, kwa kuwa BIOS nyingi zimepimwa kwa Windows peke yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, nyingi zikisikia itikio hilo zinamwachia dereva wa chipu ya picha (programu inayoiendesha chipu hiyo) kazi ya mwanga, lakini njia ya zamani inaachwa ikijitangaza kana kwamba ni nzima. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inabaki kukisia. Hiyo 5.15 inayokuja na Mint 21 kwangu ilikisia vibaya. Hans de Goede, mmoja wa waandishi wa kerneli, na wenzake walihangaika na uchafu huu hadi kerneli 6.1 ya Desemba 2022, ambako hakipaswi kusajiliwa zaidi ya kifaa kimoja kwa kioo kimoja. Watu wengine wanalazimika kusafisha kosa la kampuni zinazouza mashine kwa mamilioni!

Kuanzia leo, mtu akija hapa analalamikia mwanga, mwambieni alete majibu ya ls /sys/class/backlight na uname -r (inayoonyesha toleo la kerneli) kabla hamjamwandikia kitu kingine chochote.

Kioo changu cha zamani, ambacho sasa najua kilikuwa kizima, fundi alibaki nacho. Jumamosi asubuhi naenda kukidai, na mashine nimeibeba.