Tajiri wa boti ametushusha Lupingu kama magunia. Mabaharia wa Ziwa Nyasa tuna haki au hatuna?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mmiliki wa boti tuliyokuwa tukifanya kazi na kuishi ndani yake ameiuza tukiwa safarini. Alichofanya ni kumpigia simu nahodha: mkabidhi mteja chombo na injini, ninyi rudini makwenu. Tulikuwa Lupingu, wilaya ya Ludewa. Magodoro, ndoo, jiko, nguo, vyote vikarushwa mchangani na vijana wa mmiliki mpya, chai ya asubuhi bado iko jikoni. Kila mtu akatiwa mkononi shilingi 10,000, eti nauli. Mshahara wa msimu hatujauona mpaka leo.

Asiyelijua ziwa letu atasema Lupingu si ni Tanzania hii hii, pandeni gari. Haya. Kati ya Lupingu na Matema, upande wetu wa Kyela, imesimama milima ya Livingstone, imeshuka mpaka majini, na barabara ya kueleweka ya kufuata ufukwe hakuna. Kwa boti unapandisha ziwa tu, umefika. Kwa gari unapanda kwanza Ludewa mjini, uende Njombe, utokee Makambako, ukate kwenda Mbeya, ushuke Tukuyu, ndipo uione Kyela. Elfu kumi inaishia wapi kwenye safari hiyo? Na aliyeitoa anaijua njia, kwao ni Kyela hapa hapa.

Nataka mwelewe tulikuwa tunaishije, maana wengi wakisikia baharia wa boti wanadhani ni kibarua wa asubuhi anayerudi kwake jioni. Sisi boti ndiyo ilikuwa nyumba. Tunapakia vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, mchele wa Kyela, saruji, bati na soda, tunashuka nazo mpaka Manda kwenye mlango wa Ruhuhu, wakati mwingine mpaka Liuli na Mbamba Bay. Kurudi ni muhogo mkavu, dagaa na samaki wa kukausha. Usiku tunalala juu ya mizigo, turubai moja, zamu ya kukomba maji haikwepeki hata ukiwa na homa. Mwera ukianza kuvuma, hasa Juni na Julai, mnaweza kufungiwa kwenye kighuba siku kadhaa, unga unapungua, na hapo ndipo unamjua mwenzako.

Na hatukuwa peke yetu. Boti zinazofanya njia hiyo zinafuatana. Tukitia nanga tunafunga ubavu kwa ubavu, jiko linakuwa moja, injini ya mwenzako ikigoma fundi wetu anahamia kule mpaka iwake. Yule mzee nahodha wetu, Mkisi wa Ikombe, ndiye aliyenifundisha kusoma mawingu ya upande wa Malawi na kujua saa ya kuondoka na saa ya kutulia. Simwiti bosi wala mkuu, namwita baba, na sitanii.

Kwa hiyo kuagana kwetu kuna utaratibu. Mtu akiacha kazi, anaachia kwao au karibu na kwao. Usiku wa mwisho boti zote zinapika pamoja, wazee wanamwombea njia, madeni madogo madogo ya vocha na sigara yanalipwa au kusamehewa mbele ya watu, na anayeondoka anabebewa mzigo wake mpaka nchi kavu. Hilo nalo tajiri katunyima. Boti mbili za wenzetu zilikuwepo pale pale Lupingu. Manahodha wao walisema njooni, tulale wote leo, kesho tunawapandisha Matema. Baada ya muda wakapigiwa simu na matajiri zao: marufuku kubeba watu wa fulani, wataleta kesi. Nilimwona mtu mzima anashindwa kututazama usoni. Wakang'oa nanga, wakaondoka.

Tukatawanyika namna hiyo. Mzee akapata mtumbwi wa kusogea naye kijiji kwa kijiji kandokando ya mlima, kwa umri ule na ziwa lile. Kijana wetu wa jiko akabaki Lupingu anatafuta kibarua cha nauli. Mimi na fundi injini tukadandia lori la kwenda Ludewa, fundi akashukia Makambako kutafuta gari la Mafinga kwao. Tuliagana stendi, dereva anapiga honi, hatukumaliza hata sentensi.

Sasa tajiri anajibu kwa majivuno kwamba hakutuandikia mkataba, kwa hiyo hatumdai. Nimekwenda kuuliza, na huo ni uongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mwajiri akivunja mkataba mahali pasipo pale alipomwajiri mtu, anapaswa kumrudisha alipomtoa, yeye na mizigo yake, au amlipe gharama hiyo, na posho ya kujikimu mpaka asafirishwe. Sisi alituajiri Kyela. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Na kukosa karatasi kunamgeukia yeye, kwa sababu wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri. Shauri likifika mbele na hana maandishi hayo, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Wale mnaokuja hapa na "ndiyo maisha ya ziwani, zoeeni", tafadhali. Maisha ya ziwani ni mwera na mawimbi, hayo tunayakubali. Mtu kukaa sebuleni kwake akauza nyumba tunayolala wakati tumo ndani, huo si upepo.

Ninachoomba ni hiki. Kama kuna aliyewahi kupeleka shauri la boti Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya Mbeya, aseme walimpokeaje na alitumia vielelezo gani. Lalamiko la kuachishwa kazi lina siku 30 tu, na siku zinakwenda. Madereva wa njia ya Ludewa na wenyeji wa Lupingu, mkimwona kijana wa Kyela anapakua mizigo ufukweni, mwambieni kwao wanamtafuta na nauli yake tunaichanga.

Na wewe fundi, ukisoma hapa: daftari la mizigo liko kwenye begi lako la spana. Tarehe zote zimo, na saini ya tajiri ya kupokea hela iko kwenye kila safari. Usilitupe, usimpe mtu, na akikupigia yeye mwenyewe mwambie hujui liliko. Piga picha kila ukurasa unitumie leo.