Kichanga na lugha tatu nyumbani: tunamvuruga?

Mama Kichanga: Wazazi wenzangu, habari za jioni. Nimejifungua majuzi. Mimi ni Mjaluo, mume wangu Mkikuyu, na sisi wawili huzungumza Kiswahili. Sasa mama mkwe amekuja kunisaidia, na kutwa anamwimbia mtoto kwa Kikikuyu. Jirani anasema tunamvuruga, tuchague lugha moja. Shemeji naye anacheka, eti kichanga hajui lolote, kwake zote ni kelele kama za redio. Nani mkweli?

Baba Pacha: Wangu wamelelewa kwa lugha mbili na hawakuvurugika. Kulala ndiko kulikowashinda.

Mwalimu wa Sauti: Dada, hongera. Shemeji mwambie jambo hili lilipimwa tangu 1971. Peter Eimas na wenzake, Marekani, waliwapa watoto wa mwezi mmoja chuchu bandia yenye kipimo cha kasi ya kunyonya. Wakisikia "ba, ba, ba" walinyonya kwa nguvu, kisha wakazoea na kulegea. Sauti ilipogeuka "pa", kasi ikapanda upya. Tofauti ya sauti hizo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, na waliinasa. Redio gani hiyo?

Tena hakuanzia leba. Miezi ya mwisho ya mimba sikio linafanya kazi, ingawa kinachopenya zaidi ni mdundo na kiimbo. Kidholuo chako na Kiswahili amezaliwa navyo masikioni. Huko Vancouver, Kanada, utafiti wa 2010 ulipima vichanga ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi (lugha ya Ufilipino) wakiwa wajawazito. Walivutiwa na lugha zote mbili, na bado walizitofautisha. Jirani asikutishe.

Kikikuyu cha bibi ni kigeni kidogo kwake, lakini muda upo. Watoto wa Kijapani wa miezi 6 hadi 8 hutofautisha r na l sawa na wa Marekani. Wakifika miezi 10 hadi 12 wanaachwa nyuma, kwa sababu Kijapani hakizitenganishi. (Kikikuyu nacho hakina l. Utani wake mnaujua, nisiuanze hapa.)

Mama Kichanga: Asante mwalimu. Basi nikimwekea katuni za Kifaransa kwenye simu, atapata na hicho?

Mwalimu wa Sauti: Thubutu! Mtafiti Patricia Kuhl alijaribu Kimandarini, yaani Kichina, kwa watoto wa Kimarekani wa miezi 9. Waliochezewa na mtu ana kwa ana walizishika sauti zake. Waliowekewa video au rekodi hawakuambulia kitu. Na mama mkwe hali bando.