Barua za Emily Dickinson: zifungiwe au zisomwe?

Wanajamvi, mwenzetu aliyetangulia amesema kwamba barua na rasimu za mshairi Emily Dickinson zisingepaswa kuonyeshwa hadharani, kwa kuwa mwenyewe aliagiza zichomwe moto. Naiheshimu hoja hiyo, maana siri ya marehemu ni amana, lakini agizo lile halikuwa pana kiasi hicho. Dickinson alipofariki mwaka 1886 huko Amherst, Massachusetts, mdogo wake Lavinia alizichoma barua ambazo dada yake alikuwa ameandikiwa na watu. Mashairi, yakiwamo yaliyonakiliwa katika vijitabu 40 vilivyoshonwa kwa uzi, aliyahifadhi. Na barua alizotuma Emily zilikuwa tayari mikononi mwa waliozipokea. Kinachonitia shaka ni rasimu tatu tu, zile alizomwandikia mtu aliyemwita "Bwana", kwa sababu hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuzituma.

Hata hivyo, madhara makubwa yalitendwa wakati karatasi hizo zilipokuwa zimefichwa. Shairi alilomwandikia wifi yake Susan, linaloanza kwa kumtaja kuwa dada, lilifutwa kwa wino mstari kwa mstari katika kijitabu chake, na leo tunalisoma kwa sababu nakala aliyopelekewa Susan ilisalimika. Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, wahariri waliotoa kitabu cha kwanza cha mashairi yake mwaka 1890, waliyapa mashairi vichwa ambavyo hakuviweka na wakayarekebisha vituo na hata vina. Ukiitazama karatasi yenyewe utaona amechora kijimsalaba kando ya neno, kisha chini ya ukurasa akaorodhesha maneno mengine mawili au matatu bila kuchagua lolote. Kusitasita huko ni sehemu ya ushairi wake, na wahariri wale walituchagulia bila kutuambia.

Baada ya Todd kushindwa na Lavinia katika kesi ya kiwanja mwaka 1898, fungu la karatasi za Dickinson alilokuwa nalo Todd lilikaa sandukuni kwa takriban miaka thelathini. Hadi leo urithi huo umegawanyika kati ya Harvard na Chuo cha Amherst, ingawa tangu mwaka 2013 picha za miswada ya mashairi zimekusanywa pamoja mtandaoni. Kwa hiyo namwomba mwenzetu anayetaka zifungiwe tena atueleze ufunguo akabidhiwe nani.