Tupeane uzoefu: uamuzi gani au kifo gani kwenye RPG (gemu ya kuigiza mhusika) hakijakutoka rohoni?

Mtembezi
Wakuu, salaam. Mdogo wangu ameanza The Witcher 3 wiki hii. Jana kafika Velen, kwenye ule mti wa kilimani wenye roho iliyofungwa chini ya mizizi. Kasimamisha gemu, kaja kuniuliza: "Kaka, huyu nimfungulie au nimuue?" Nikakaa kimya. Ukimfungulia, watoto yatima wa kule kwenye kinamasi wanapona, lakini kijiji kinateketea na Baron, mkuu wa eneo lile, anaishia kujinyonga. Ukimuua, Baron anamchukua mkewe kwenda kumtafutia tiba milimani, ila watoto ndio basi tena. Gemu imetoka 2015 na mpaka leo sina jibu la kumpa mtu kwa moyo mweupe.

Kwangu mimi RPG inapimwa hapo. Ukubwa wa ramani haunisumbui, wala manyoya ya farasi yanavyopepea. Nataka nikishachagua, kilichochaguliwa kibaki hivyo na dunia inidai. Karibuni mtoe yenu, gemu yoyote ya mapanga na uchawi, ya zamani au ya juzi.

BintiMshale
Baron. Nilimkuta ananing'inia uani kwake. Sina la kuongeza.

MzeeWaDiskiTatu
Final Fantasy VII, 1997. Walioicheza enzi zile wameshajua naelekea wapi.

Aerith ndiye aliyekuwa mganga wa kundi langu. Kila safari alikuwamo. Nikamtafutia fimbo nzuri, nikamjaza materia (vito vya uchawi) za maana, nikahangaika mpaka nikampatia Great Gospel, lile pigo lake la mwisho linaloponya kundi zima na kulikinga lisidhurike kwa muda. Kitu kile hakipatikani kirahisi, unakihangaikia kwa sababu unaamini utakuwa naye mpaka mwisho. Halafu unaingia kwenye ule mji wa kale. Unamkuta kapiga magoti anasali. Cloud, mhusika unayemwongoza, anamsogelea, na Sephiroth, adui mkuu, anashuka kutoka juu na ule upanga wake mrefu.

Kilichonimaliza ni kinachofuata. Bosi anatokea, pambano linaanza, lakini muziki haubadiliki. Wimbo wa Aerith alioutunga Nobuo Uematsu unaendelea kupiga vilevile, polepole, huku wewe unatakiwa upigane. Hakuna ngoma za vita. Vidole vinabonyeza tu, akili haipo.

Na begini nina Phoenix Down za kutosha, dawa ambayo tangu mwanzo imekuwa ikimwinua kila anayeanguka. Wapo wanaosema hapo hadithi imejichanganya. Mimi nasema hapana. Kuzimia vitani ni kitu kimoja na kufa ni kingine, na gemu ilisubiri mpaka pale kunionyesha. Materia zake zilirudi begini kwangu, mwenyewe hakurudi. Diski ya kwanza ikaishia hapo. Miaka mingi watu walipeana mbinu za kumfufua, zote uongo mtupu, na nilizifuata kwa sababu nilitaka mojawapo iwe kweli.

Chipukizi_99
Mkuu, mimi ndiyo kwanza nimeingia kwenye hii hadithi kupitia Remake ya 2020. Umenimalizia uhondo wote.

MzeeWaDiskiTatu
Pole kijana, lakini hili jambo linajulikana tangu 1997.

Kigae
Mzee, miaka ya gemu si hoja. Anayeicheza leo kwa mara ya kwanza, kwake ni mpya kama ilivyokuwa kwako. Onyo ni mstari mmoja tu juu ya ujumbe.

BintiMshale
Uzi umeandikwa "kifo gani hakijakutoka rohoni". Aliyeingia humu alitegemea kukuta harusi?

Chipukizi_99
Haya yameisha. Ila mwenye cha Baldur's Gate 3 aweke onyo, tafadhali. Nimeianza juzi.

Kigae
Niongeze yangu, ya kale zaidi. Chrono Trigger, 1995. Mwanzoni kuna sherehe, unazunguka unacheza, mezani kuna chakula cha mzee fulani, unakila, unapata nafuu, unaendelea na maisha. Nilikuwa nimezoea RPG zinazoniruhusu kuingia nyumba za watu na kupekua makabati bila mtu kuuliza. Baadaye unakamatwa kwa tuhuma ya kumteka binti mfalme, unasimamishwa mahakamani, na yule mzee analetwa kuwa shahidi! Na yule mtoto aliyepotelewa na paka, kama ulimsaidia anakutetea. Wanakuuliza hata binti alipokuangukia, ulianza kumjali yeye au ulikimbilia kuokota kidani chake.

Tangu siku hiyo, gemu ikiniachia kitu mezani naangalia kwanza nani amekaa karibu. Na hata ukishinda kesi bado unatupwa gerezani. Hilo nalo lina ukweli wake.

Ukirudi nyuma zaidi kuna Ultima IV ya 1985, ya Richard Garriott. Hakuna jitu la kuua mwishoni. Unatakiwa uishi kwa fadhila nane: uaminifu, huruma, ushujaa na nyinginezo. Dukani unamkuta muuzaji kipofu, unamhesabia fedha mwenyewe. Ukimpunja hasemi kitu, lakini gemu inaandika. Watu walikuwa wanafanya haya kabla wengi wetu hatujashika kompyuta, halafu leo tunaambiwa gemu za kisasa ndizo zimegundua uamuzi.

UpepoWaKaskazini
Kigae umesema kweli, na ndiyo sababu Skyrim haistahili kutajwa kwenye uzi huu. Unakuwa mkuu wa wachawi, mkuu wa wezi na mkuu wa wauaji kwa mkupuo, na hakuna anayeshangaa. Mhusika muhimu ukimkata upanga anapiga goti, anapumua, anainuka. Kwenye Morrowind ya 2002, ukimuua mtu ambaye unabii unamhitaji, gemu inakuambia wazi kwamba uzi wa unabii umekatika, kisha inakuachia uchague: urudi kwenye ulichosevu au uendelee kuishi kwenye dunia uliyoiharibu mwenyewe. Ile ndiyo heshima kwa mchezaji.

Theluji
Wewe kila uzi ni Morrowind. Skyrim imetoka 2011 na watu bado wanarudi, kwa sababu si kila mtu anataka mahakama. Mimi naingia, natembea kwenye theluji usiku, zile taa za kijani zinacheza angani, muziki wa Jeremy Soule unapiga kwa mbali, na kichwa kinatulia. Na ninao uamuzi pia. Paarthurnax. Blades, kikundi cha wawindaji wa majoka, wananiambia nimuue joka mzee aliyenifundisha, ambaye amekaa kileleni enzi na enzi akipambana na asili yake asirudi kuwa mwovu. Nikakataa. Blades wakanigomea mpaka leo, na ombi lao bado limekaa kwenye orodha yangu, sitaligusa.

UpepoWaKaskazini
Paarthurnax nakukubalia. Mengine yote hapana.

KeteIshirini
ONYO: BALDUR'S GATE 3, SEHEMU YA PILI. Chipukizi, toka humu kwanza.

Sikutaka kuandika, ila Mtembezi kanikumbusha. Tulikuwa tunacheza wawili, mimi na rafiki yangu, kwenye modi ya Honour. Kwa wasiojua: faili ni moja tu, hakuna kurudi nyuma, kilichotokea kimetokea. Mimi ndiye niliyekuwa namwongoza Karlach, pamoja na mhusika wangu.

Mnamjua Karlach. Moyo wake umetolewa ukawekwa injini ya jehanamu, anawaka, akimgusa mtu anamuunguza. Miaka yote hiyo hajakumbatiwa na mtu. Dammon, yule mhunzi, alishamtengeneza mara moja kule mwanzoni, akasema akipata chuma kingine cha jehanamu ataweza kumfanya aguswe. Chuma tulikuwa nacho. Tumekibeba kutoka sehemu ya kwanza, tumevuka nacho giza lote lile la laana, tumefika Last Light, nyumba ya wageni, na Dammon yupo pale nje bandani kwake.

Niko naelekea bandani. Rafiki yangu kapanda ghorofani, kamsemesha Isobel, kuhani anayeshikilia ile ngao ya mwanga inayozuia laana isiingie kwenye nyumba ile. Mazungumzo yale yanaleta vita. Marcus anatokea na mabawa yake na viumbe vyake, wanataka kumteka. Nasikia tu rafiki yangu anapiga kelele kwenye kipaza sauti: njoo, njoo, njoo!

Wapambanaji wako juu. Mimi niko chini, nje ya pambano, bado natembea kwa uhuru. Dammon yuko hatua chache mbele yangu. Nikasimama. Nikageuka, nikakimbilia ghorofani.

Sikuwahi. Kete zote zilitukataa jioni ile. Isobel akaanguka, ngao ikazimika, laana ikaingia. Kila mtu aliyekuwa kwenye nyumba ile akageuka mzimu. Alfira, yule binti muimbaji tuliyemsaidia kumalizia wimbo wake. Wale wakimbizi tuliowapigania kule msituni. Na Dammon. Nililazimika kumpiga Dammon kwa mkono wa Karlach mwenyewe, na chuma chake kiko begini.

Gemu tuliimaliza, tukazipata kete za dhahabu wanazokupa ukishinda modi ile. Lakini kila tulipokuwa tunarudi kambini, Karlach yuko pale pembeni anawaka, anacheka na kila mtu, na najua hakuna atakayemshika tena. Hakuna gemu iliyowahi kunifanya niwe mzito namna ile.

BintiMshale
Dada, nimelazimika kuweka simu chini kwanza.

Mtembezi
Uzi umeshapata mwenyewe.

Kigae
Swali kwa heshima. Ulikuwa nje ya pambano. Kwa nini hukumpa Dammon chuma kwanza, ndipo upande? Karlach angekuwa amepona hata kama nyumba ingeanguka.

KeteIshirini
Kwa sababu rafiki yangu alikuwa anakufa juu.

Theluji
Huyo rafiki ndiye wa kulaumiwa. Kundi limetawanyika, yeye anaenda kusemesha watu.

MwimbajiWaVita
Huyo rafiki ni mimi. Nimetumiwa uzi huu dakika chache zilizopita.

Theluji, hakuna kati yetu aliyejua kwamba kumsalimia kuhani kunaita vita. Ndivyo gemu ilivyotengenezwa, mwenyeji anakukaribisha, unapanda kumwona. Na Kigae, KeteIshirini alipoingia mlangoni nilikuwa nimeshalala sakafuni, amebaki Shadowheart, mwenzetu wa kundi, peke yake. Asingepanda, leo tusingekuwa na gemu ya kuisimulia. Yeye anasema alimpoteza Karlach. Mimi ninachokumbuka ni kwamba aliacha kitu alichokitaka kuliko vyote akaja. Hilo hatujawahi kuliongea, basi naliandika hapa.

KeteIshirini
Wewe nawe. Njoo tuanze upya, leo usiku.

MzeeWaDiskiTatu
Mkianza upya, Isobel apigiwe uchawi wa Sanctuary mapema, maadui wasimlenge.

UpepoWaKaskazini
Sanctuary inavunjika akishambulia tu, na yeye hatulii, anapenda kujitosa mbele. Kundi zima lipande ghorofani kwanza, msimame mumzunguke, ndipo mmoja amsemeshe.

Kigae
Msimsemeshe kabisa mpaka mmalize kazi zote za nje na kupanda levo. Na chuma apewe Dammon kabla hamjavuka mlango wa ile nyumba.

Theluji
Au mcheze kwa modi ya kawaida, msevu kila kona, mlale usingizi. Mtu akitoka kazini hana haja ya kuja kufiwa.

Mtembezi
Theluji hapo tunapishana. Ukirudi nyuma kila linapoharibika, unaishia kusoma majibu tu. Nilichompenda dada hapo juu ni kwamba alisimama, akageuka, na hakukuwa na kitufe cha kumrudisha.

Theluji
Na mimi nimesema nimemwacha Paarthurnax hai bila modi yoyote ya kunitisha. Uamuzi unautunza mwenyewe, si lazima gemu ikufungie mlango.

Chipukizi_99
Nimerudi, nimeruka ujumbe wenye onyo lakini nyie mliofuata mmetaja majina yote! Haya niambieni jambo moja tu, mimi mgeni: kabla sijaendelea na hii, nicheze ipi ya zamani?

Kigae
Chrono Trigger. Fupi, haina kona mbovu, na ina miisho mingi.

UpepoWaKaskazini
Morrowind. Haikuwekei alama ya kukuonyesha njia, unasoma maelekezo na kutafuta kilima mwenyewe.

BintiMshale
Usimsikilize, utakufa kwa wale ndege wa cliff racer kabla hujakiona kilima. Anza na Dragon Age: Origins ya 2009, chagua asili ya City Elf, kisha urudi humu utuambie.