Ushauri: Mtoto wa marehemu kaka yangu anataka kuomba mkopo wa chuo, vyeti havijakaa sawa, tuanzie wapi?

ShangaziWaKorogwe

Wakuu habari za majukumu. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mliowahi kumwombea mtoto mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB).

Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, nimekaa naye tangu yupo darasa la tano. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na anataka kusomea uuguzi ngazi ya shahada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wanangu wawili wapo sekondari, ada ya chuo siiwezi hata nikijibana vipi. Mkopo ndio tegemeo letu.

Sasa kila ninayemuuliza ananitajia karatasi nisiyokuwa nayo. Kaka alifia kijijini Muheza, tukamzika, hakuna aliyekumbuka mambo ya cheti cha kifo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeandikwa Ramadhani, cha kidato cha nne kimeandikwa Ramadhan, ile "i" ya mwisho haipo. Mama yake mzazi yupo hai, ameolewa Kilindi na hali yake ni ya chini mno. Halafu kidato cha tano na sita kijana alisomeshwa na shirika la dini katika shule ya binafsi, na watu wananiambia aliyesoma binafsi asijisumbue kuomba.

Na hili ndilo linaninyima usingizi zaidi: nikijiandika mdhamini, mshahara wangu wa ualimu hautamponza?

---

Mzee_Mafaili

Shangazi, pole na hongera kwa kumlea. Niliwahi kukaa dawati la mikopo chuoni, nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Bodi haimjui mtoto wako. Inachokiona ni kile kilichojazwa kwenye mfumo na kuambatanishwa ushahidi. Nimeshuhudia yatima kabisa akipangiwa kama mtoto mwenye wazazi wote wawili, kwa sababu sehemu ya baba ilijazwa "amefariki" bila cheti cha kifo chini yake. Kwa hiyo msisubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo mwanze kuhangaika. Miaka ya karibuni dirisha hufunguliwa kipindi cha Juni kwenda Agosti, nao muda huo ni mfupi kwa mtu anayeanza kutafuta cheti.

Anzeni na cheti cha kifo. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, lakini kilichopita muda bado kinasajiliwa, utaratibu wake tu ndio mrefu kidogo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji alikozikwa kaka yako akuandikie barua ya kuthibitisha kifo, mtafute ndugu au jirani aliyeshuhudia mazishi, kisha nendeni ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kifo kimetokea Muheza, basi anzieni Muheza, sio Korogwe.

Cheti kikitoka, kazi haijaisha. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo vyote vinatakiwa VIHAKIKIWE na RITA, na uhakiki unaombwa kwa mtandao. Wengi hudhani ukishakuwa na cheti umemaliza. Mnaingiza cheti kwenye mfumo wa RITA, mnalipia, mnasubiri majibu, na uthibitisho huo ndio unaoupeleka kwenye maombi ya mkopo. Siku za mwisho za dirisha foleni huwa ndefu, fanyeni mapema.

---

Wakili_wa_Pembezoni

Dada yangu, kuhusu ile "i". Usiidharau, wala isikukoseshe raha.

Jina la kufuata ni lile lililoko NECTA (Baraza la Mitihani), kwa sababu kidato cha nne ndicho kitambulisho chake kuanzia kuomba chuo mpaka kuomba mkopo. Cheti cha mtihani hakibadilishwi kirahisi, kwa hiyo kinachosogezwa ni kile kingine. Mkiwa RITA kwa ajili ya cheti cha baba, ulizeni palepale kuhusu marekebisho ya cheti cha kuzaliwa. Wakisema haiwezekani, wakili atawaandalia hati ya kubadili jina, na hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida cha mahakamani kila mtu atakushauri kwa kuwa ni bei nafuu, ila ofisi nyingi hukikataa kwenye suala la majina.

Na mumwangalie pia kwenye NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, aliandikishwaje. Akiwa na majina ya aina tatu, atasumbuka mpaka siku ya kufungua akaunti ya benki.

---

MwakaWaPili_Muhimbili

Shikamoo shangazi. Mimi mwenyewe nililelewa na mama mdogo na sasa nasoma kwa mkopo, kwa hiyo nitagusa yale niliyopitia.

La shule binafsi lisikutishe. Waliosoma binafsi wanaomba na wanapata. Ila kama alilipiwa na shirika, lazima barua ya mfadhili iwepo, inayoonesha kwamba ndio waliolipa ada. Bila barua hiyo mfumo utasoma kwamba familia ilimudu ada kubwa, na hapo ndipo asilimia ya mkopo inaposhuka. Nendeni shirikani sasa hivi, wafanyakazi bado wanamkumbuka.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Anaingia kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ILEILE atakayoombea chuo. Kama aliwahi kurudia mtihani, ataje namba zote. Anapewa kontroo namba, analipa 30,000 kwa simu au benki, fedha hiyo hairudishwi. Anajaza taarifa, anachapa fomu pamoja na mkataba wa mkopo, inasainiwa na yeye, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo. Baada ya hapo anaskani na kuipandisha. Nawaomba sana muangalie skani kabla ya kubonyeza kutuma: fungua faili kwenye simu, ikuze, muhuri usomeke mpaka tarehe yake. Mwenzangu chumbani muhuri wake ulitoka doa jeusi, alikuja kuambiwa arekebishe wakati wenzake wameshapangiwa.

---

Mzee_Mafaili

Nirudi kwenye mshahara wako, naona hilo halijajibiwa.

Mdhamini na mzazi ni sehemu mbili tofauti kwenye fomu. Mdhamini ni mtu anayejulikana, mwenye kitambulisho, picha na sahihi, atakayepatikana siku Bodi ikimtafuta mkopaji. Taarifa za wazazi ndizo zinazoeleza hali ya kijana: baba amefariki, mama yupo Kilindi, kazi yake ni hii. Andikeni hivyo hivyo ilivyo. Kuna watu watakushauri umfiche mama yake ili kijana aonekane yatima wa pande zote. Usikubali hata kidogo. Fomu hiyo inaapiwa, na mama yuko hai, ana jina na namba ya NIDA. Umaskini wake wa kweli ndio unaomsaidia kijana.

---

Chumvini_Pemba

Samahani kuingilia uzi. Kwa sisi tuliozaliwa huku visiwani RITA haituhusu, vyeti vyetu vinahakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Na kuna Bodi yetu ya Mikopo ya Zanzibar pia, wazazi wa huku waiulizie mapema.

---

ShangaziWaKorogwe

Marahaba mwanangu wa Muhimbili, na nawashukuru wote, mmenitoa kwenye giza. Jumatatu naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu niende Muheza.

Mawili yamebaki. Bibi yake mzaa baba ni mnufaika wa TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), je, namba ya kaya yake tunaweza kuitumia? La pili, kiongozi mmoja wa mtaa ameshamwambia kijana kwamba muhuri wa fomu ya mkopo "una gharama zake". Na akipata, anapata nini hasa? Nataka nijue cha kuchangia mimi.

---

MwakaWaPili_Muhimbili

TASAF ni ushahidi mzuri sana, ila kijana awe ameandikishwa katika kaya hiyo. Kama jina lake halipo kwa bibi, msilitumie.

Anachopata kinategemea kiwango cha uhitaji wake. Chakula na malazi, ambayo ndiyo bumu lenyewe, ni mpaka 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ada hutolewa kwa asilimia, mwingine analipiwa yote, mwingine nusu, na hapo kwenye ada ndipo shangazi ujiandae. Kuna pia fedha ya mafunzo kwa vitendo na ya mahitaji maalumu ya kitivo, na kwa uuguzi hizo zina maana kubwa. Kama ufaulu wake wa PCB ni wa juu sana, afuatilie pia Samia Skolashipu, ilianza 2022 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi, na ile hairudishwi.

---

Wakili_wa_Pembezoni

Kumgongea mwananchi muhuri ni kazi ya ofisi. Kama kuna mchango halali, udai stakabadhi ya serikali. Akikataa kuitoa, panda kwa mtendaji wa kata na fomu yako mkononi, umweleze kwa adabu mbele ya watu.

Kijana naye aambiwe mapema kwamba huu ni mkopo. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama la kaka zake waliomtangulia.

---

Mzee_Mafaili

Majina hutoka kwa awamu, asipojiona kwenye ya kwanza msikate tamaa, aendelee kufungua akaunti yake ya SIPA, ile ya mtandaoni ambako Bodi humwonesha taarifa za mkopo wake. Awamu zikiisha hufunguliwa dirisha la rufaa, na hapo cheti cha baba kikiwa kimechelewa ndipo pa kukiingizia. Rufaa bila ushahidi mpya haina nguvu. Hata akikosa kabisa mwaka wa kwanza, wanaoendelea na masomo nao huruhusiwa kuomba mwaka unaofuata, na vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, aende kwa mlezi wa wanafunzi kabla hajazuiwa mitihani.

Ukitoka Muheza, shangazi, tuandikie hapa walichokwambia kuhusu cheti cha kaka. Nitakuwepo.