Ulinganisho: gogo la ufukweni, la mtoni au kisiki cha kahawa kwa tangi la samaki?

Mlinzi_wa_Pleko (Kigamboni)
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 120, maji baridi (yasiyo ya chumvi), lenye samaki aina ya enjeli, neoni na pleko mmoja. Nataka kuweka mti ndani. Dukani kuna mopani ya kusini mwa Afrika, inazama yenyewe wala haina usumbufu, ila kwa bei ile bora ninunue tangi la pili. Nimebaki na vya bure: magogo yanayotupwa na bahari huku kwetu, matawi yaliyokwama mtoni upande wa Ruvu, au visiki vya kahawa kwa shemeji yangu Moshi. Nyie mngechukua kipi?

BintiOldTown (Mombasa)
La bahari lina sura nzuri kuliko yote, hapo sibishi. Tatizo ni chumvi, na haiko juu juu, imeshaingia hadi kwenye kiini. Kulimwagia maji ya bomba ni kujifurahisha. Lizamishe kwenye pipa la maji baridi, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu, wiki kadhaa, na kama ni nene hata miezi. Ukiwa na ile kalamu ya kupima TDS, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, acha gogo kwenye maji mapya siku nzima kisha linganisha na maji ya bomba. Namba ikiwa bado inapanda, endelea kuloweka.

Chungulia pia matundu. Wale wadudu wanaotoboa vyombo vya mbao huacha vijibomba vya chokaa ndani ya mti, na chokaa hiyo huongeza ugumu wa maji. Neoni hawapendi.

Mbili za mwisho. Ubao uliotoka kwenye jahazi bovu uache hapo hapo, umeshiba sifa (yale mafuta ya papa) na rangi. Na mkoko usiukate hata kama mizizi yake inakuita. Misitu ya mikoko inalindwa kwetu na kwenu.

Mangi_wa_Maji (Moshi)
Mimi ni wa kahawa, kwa hiyo nina upendeleo. Kisiki cha kahawa ni kigumu, kina matawi yaliyopindapinda kama kilichongwa, na hakiozi haraka. Wakulima wanapong'oa miti mizee vinaishia jikoni kama kuni, kwa hiyo shemeji hatakunyima.

Lakini sikiliza hili, maana watu wengi hawalisemi. Kahawa ya huku imepigwa dawa za kopa (shaba) kwa miaka mingi, kwa ajili ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Zamani ilikuwa mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Kopa haiozi wala haiyeyuki ikaisha, inakaa kwenye gome na kwenye udongo wa shamba. Samaki wakubwa wanaweza kuvumilia kidogo, ila konokono na kamba wadogo wa tangi hufa kwa kiasi ambacho huwezi kukiona. Kwa hiyo: menya gome lote, lote kabisa, hadi kwenye makwapa ya matawi. Kwangua udongo uliojibana katikati ya mizizi, ukiona sehemu haifikiki, ikate. Chemsha, loweka, kisha tia konokono wa bei rahisi kwenye ndoo pamoja na kisiki. Akitembea na kula kama kawaida baada ya wiki, endelea. Akijifungia ndani ya gamba au akielea, kisiki kirudi jikoni.

Kipande cha juu ya ardhi ni salama zaidi kuliko mzizi, ingawa mzizi ndio mzuri. Ndiyo hali halisi.

Ujiji_Mawe (Kigoma)
Niseme fupi. Mwenye samaki wa Ziwa Tanganyika asijisumbue na mti. Maji ya ziwa pH yake (kipimo cha asidi) inakaribia 9, na tanini, ile rangi ya kahawia inayotoka kwenye mti, ina asidi inayoweza kuivuta chini. Samaki wetu wengi wanakwangua mwani kwenye mawe, mpe mawe. Kwa enjeli na neoni wa Amazoni ni sawa, kwao maji ya kahawia ndiyo nyumbani.

Mlinzi_wa_Pleko
Asanteni. Ila maji yangu ni ya kisima, magumu sana. Mti si utashusha pH ghafla?

Mangi_wa_Maji
Hautashusha chochote cha maana, mkuu. Chokaa iliyomo kwenye maji magumu inaimeza ile asidi. Utapata rangi tu.

Dada_Mikumi (Morogoro)
Hakuna aliyetetea la mtoni, ngoja nilitetee. Halina chumvi, halina dawa, na maji yameshaondoa gome na sehemu laini. Nusu ya kazi imefanyika. Kasoro yake ni kwamba hujui ni mti gani. Ukikuta bado lina utomvu, au ukilikata linanuka dawa, liache. Mwarobaini, mkaratusi, msonobari, mkorosho, hapana. Mnyaa ndiyo kabisa, utomvu wake unaharibu macho yako kabla haujafika kwa samaki, na wazee waliutumia kama sumu ya kuvulia samaki, kama walivyotumia mmea wa utupa. Ukitaka mti unaoujua, tafuta mpera uliokauka wenyewe. Mgumu, gome linatoka kirahisi.

Na Ruvu ina mamba. Okota la ukingoni tu, tafadhali.

Mlinzi_wa_Pleko
😂 Nimeelewa. Sasa kuchemsha: muda gani, na likielea je?

Fundi_Tangi (Nairobi)
Saa moja mpaka mbili, kwenye nusu pipa, nje. Likibaki limechomoza, ligeuze. Usilichome kwenye oveni, na jiki weka mbali, mti unainyonya na kuitoa polepole. Likielea, lifunge kwa mshipi wa nailoni kwenye jiwe bapa, likishiba maji utakata mshipi. Wiki za kwanza litaota utando mweupe wa kamasi. Hauna madhara, ufute kwa mswaki, na huyo pleko wako atamalizia. Rangi ikikukera, tia makaa ya chujio.

Mlinzi_wa_Pleko
Basi naenda na kahawa, kipande cha juu, na mpera kama akiba. Shemeji anashuka Dar mwisho wa mwezi.

Mangi_wa_Maji
Mpigie leo umuulize shamba lile lilipigwa dawa mara ya mwisho lini, kabla hajapakia kwenye basi.